Bamba la paja lililokatika: karakana ya Dodoma inaweza kutengeneza vipandikizi vya mifupa?

Mkerezaji wa Nzuguni

Wanajukwaa, nawasalimu kutoka Nzuguni, Dodoma. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Karakana yangu ni ndogo, ina mashine ya kukereza ya siku nyingi na mashine moja ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, niliyoinunua mwaka juzi, na kazi zangu za kila siku ni vipuri vya mashine za kusaga na za kukamua alizeti, pamoja na bushi za malori yanayopita barabara ya Singida. Swali ninalolileta leo liko nje ya kazi hizo, ila limeninyima usingizi kwa wiki kadhaa.

Mdogo wangu alianguka na bodaboda akavunjika paja. Alifanyiwa upasuaji na kuwekewa bamba lenye matundu 10 na skrubu 8. Alianza kutembea kwa magongo, kisha akayaacha mwenyewe kwa sababu alijiona amepona. Mwezi wa 7 tangu upasuaji, akiwa anavuka uani na ndoo ya maji, bila kujikwaa wala kuanguka, alisikia kitu kimelia ndani ya paja kama kijiti kikavu. Picha ilionyesha kwamba bamba limekatika katikati. Ukoo ulichanga kwa mara ya pili, akafanyiwa upasuaji mwingine na kuwekewa rodi ndani ya mfupa, na vipande viwili vya lile bamba tukakabidhiwa katika kimfuko cha plastiki.

Vipande hivyo viko mezani kwangu ninapoandika. Nimevipima: unene ni milimita 4.5 na upana ni milimita 16. Bamba limekatika kwenye tundu ambalo halikuwa na skrubu. Uso wa mahali lilipokatikia hauko sawa kote. Sehemu kubwa ni laini na ina mistari myembamba iliyopinda, kama ile inayoachwa na maji kwenye mchanga wa korongo baada ya mvua, na pembeni kuna sehemu ndogo iliyochanika kwa ukali. Sumaku haishiki.

Kwa macho ya fundi, umbo hili nalichonga kwa saa mbili tu. Naomba kueleweshwa kwa nini chuma kinene hivi kimekatika kwa mtu wa kilo 62, na kama stenlesi ya 316 ninayoweza kuagiza Dar es Salaam inafaa kwa kazi ya namna hii. Nasikia pia habari za titani na za printa zinazochapa mifupa ya chuma, na ningependa kujua ukweli wake. Kama jambo lenyewe haliwezekani, naomba niambiwe sababu, si kwamba halijawahi kufanyika.

Mhandisi wa Metali, Makulu

Ndugu Mkerezaji, pole kwa mdogo wako, na nakushukuru kwa jinsi ulivyoueleza ule uso uliokatika, kwa kuwa maelezo hayo peke yake yanajibu nusu ya swali lako.

Mistari uliyoifananisha na mchanga wa korongo ndiyo alama ya uchovu wa metali. Bamba halikukatika siku ile ya ndoo. Siku ile lilimaliza tu kukatika. Ufa mdogo ulianzia kwenye ukingo wa tundu, mahali ambapo nguvu hukusanyika kwa sababu chuma ni chembamba zaidi, nao ukasogea mbele kidogo kidogo kila mguu ulipokanyaga chini. Kila mstari mpana unaouona kwa macho unaonyesha kipindi ambacho ufa ulitulia au mzigo ulibadilika, pengine siku alizokaa kitandani na siku alizotembea. Sehemu iliyochanika kwa ukali ni chuma kilichokuwa kimebaki, ambacho hatimaye kilishindwa kwa mara moja. Mtu mzima hupiga hatua takribani milioni 1 kwa mwaka kwa kila mguu, na mzigo unaofika kwenye nyonga anapotembea ni mara 2 na nusu hadi 3 ya uzito wake, kwa hiyo kilo 62 za mdogo wako haziwi kilo 62 zinapofika kwenye paja.

Kuhusu stenlesi, naomba nieleze kwa urefu, kwa maana hapa ndipo mafundi wengi hodari hupotea. Geti la stenlesi linalometameta mjini kwa kawaida ni la 304 au aina za bei nafuu zaidi zisizofikia hata 304. Aina ya 304 haina molibdenamu, metali inayoongezwa ili chuma kisitobolewe na chumvi. Mwilini kuna joto la nyuzi 37 na maji yenye chumvi kiasi cha asilimia 0.9, na kloridi iliyomo katika chumvi hiyo hutoboa vishimo vidogo kwenye chuma kisicho na molibdenamu, hasa katika ule mwanya mwembamba ulio kati ya kichwa cha skrubu na bamba, ambako oksijeni haifiki vizuri. Kishimo kimoja kidogo kuliko tundu la sindano kinatosha kuanzisha ufa wa uchovu.

Aina ya 316L ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na herufi L inaonyesha kwamba kaboni yake haizidi asilimia 0.03. Lakini 316L ya dukani na 316L ya kuwekwa mwilini ni ndugu wasiolingana. Kiwango cha kimataifa cha ISO 5832-1 kinadai kwamba asilimia ya molibdenamu ikizidishwa kwa 3.3 na kujumlishwa na asilimia ya kromiamu, jibu lisipungue 26. Chukua 316L ya dukani yenye kromiamu 16.5 na molibdenamu 2.1: utapata 23.4. Ni stenlesi halali kabisa kwa tangi la maziwa, lakini si kwa paja. Zaidi ya hayo, chuma cha vipandikizi huyeyushwa upya katika ombwe au chini ya tabaka maalumu la kuondoa uchafu, ili chembechembe za salfaidi na oksidi zilizonaswa ndani ziwe chache na ndogo, kwa sababu kila chembe ni mahali ambapo ufa unaweza kuzaliwa.

Kisha kuna nguvu yenyewe. Bati la stenlesi linalouzwa madukani limelainishwa kwa moto kiwandani ili likunjike kwa urahisi, na huanza kupinda bila kurudi likifikishwa kwenye mkazo wa megapaskali 200 hivi. Chuma cha bamba la mfupa hupigwa au huvutwa kikiwa baridi hadi kifikie megapaskali 690 au zaidi. Umbo lako la saa mbili litapita kila kipimo cha vernia, nalo litapinda mgonjwa atakaposimama kwa mara ya kwanza.

Neno la mwisho kwa leo: sumaku haikuambii kitu. Aina za 304 na 316 zote hazishikwi na sumaku zikiwa zimelainishwa. Chuma hutambulika kwa kipimo cha miale kinachosoma elementi zake, au kwa cheti cha kinu kinachotaja namba ya myeyusho uliotoa kipande hicho.

Daktari wa Mifupa, Kanda ya Kati

Naongeza upande wa chumba cha upasuaji. Sijaona picha za mgonjwa huyu, kwa hiyo sitasema nani alikosea, na huenda hakuna aliyekosea.

Sisi huwaambia wanafunzi kwamba kila mvunjiko uliofungwa kwa chuma ni mbio kati ya mfupa na chuma. Mfupa ukiunga mapema, hubeba mzigo na chuma hupumzika. Mfupa ukichelewa, chuma huendelea kubeba peke yake, na hakuna chuma cha kubeba milele. Paja la mtu mzima huhitaji miezi kadhaa hata mambo yakienda vizuri. Maambukizi, sigara, lishe duni, au vipande vya mfupa vilivyokosa damu huchelewesha zaidi, na mgonjwa akiacha magongo mapema anaharakisha upande wa chuma bila kuusaidia upande wa mfupa. Tundu lisilo na skrubu karibu na mvunjiko si lazima liwe kosa, kwani wakati mwingine tunaliacha kwa makusudi ili bamba linyumbuke kwa urefu zaidi badala ya kukunjika mahali pamoja. Hata hivyo, linabaki kuwa mahali dhaifu kuliko pote.

Rodi aliyowekewa sasa ina faida ya mahali ilipo. Bamba hukaa ubavuni mwa mfupa, kwa hiyo mzigo hulikunja. Rodi hukaa katikati, ndani ya uboho, kwenye mstari wenyewe wa mzigo. Mjerumani Gerhard Küntscher ndiye aliyeeneza njia hiyo kuanzia mwaka 1939. Kwa nchi kama yetu, mabadiliko makubwa yaliletwa na rodi ya SIGN, iliyobuniwa chini ya Dkt. Lewis Zirkle wa Richland, jimbo la Washington nchini Marekani, aliyeanzisha shirika lake mwaka 1999. Rodi hiyo ni ya 316L, haina tundu katikati, na huja na mkono wa kulengea unaomwezesha daktari kuyapata matundu ya skrubu bila mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji. Imetumika Muhimbili kwa miaka mingi. Naitaja kwa ajili ya fundi: hawakubuni chuma kipya. Walichukua chuma kinachojulikana na kubuni kifaa cha kulengea kinachofaa hospitali isiyo na mashine ghali.

Nina mambo mawili ya kukataza, kwa sababu nimeyaona. Bamba lililotolewa kwa mgonjwa mmoja lisisafishwe na kuwekwa kwa mwingine, hata kama linang'aa, kwa kuwa uchovu aliouelezea Mhandisi hauonekani kwa nje. Pia usichanganye bamba la kampuni moja na skrubu za nyingine, wala stenlesi na titani, isipokuwa mtengenezaji amesema inaruhusiwa. Kichwa cha skrubu kisipokaa sawasawa hucheza, na kinachocheza husagika.

Mzee wa Kalibu, Morogoro

Vijana, nimekereza chuma kwa miaka 34 kabla ya kustaafu, na nimewahi kukereza titani kwa ajili ya pampu. Nitasema ninayoyajua kwa mikono, ya hospitali nawaachia wenyewe.

Titani inakudanganya. Ni nyepesi, karibu nusu ya uzito wa chuma, na ukiishika unadhani italainika mbele ya kisu. Haipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto lote la kukata linabaki kwenye ncha ya kisu badala ya kuondoka na mabaki. Ukikimbiza mashine kama unavyokata chuma cha kawaida, ncha inaungua na titani inajibandika kwenye kisu. Dawa yake ni mwendo wa polepole, kisu kikali cha kabaidi, kulisha bila kusitasita, na maji ya kupoza yanayomiminika bila kukoma. Kisu kikisimama mahali pamoja kikawa kinasugua tu, uso unakuwa mgumu, na kazi imeharibika.

Mabaki membamba ya titani yanawaka moto. Yakiwaka, usimwagie maji hata kidogo, maana moto utalipuka. Tumia mchanga mkavu. Weka ndoo ya mchanga karibu na mashine kabla hujaanza.

Sasa nirudi kwenye stenlesi yako, kwa sababu kuna ugonjwa wa karakana zetu ambao sijaona mtu akiutaja. Tupa uliyopigia chuma cha kawaida asubuhi, jioni unapigia stenlesi. Jiwe la grenda ni lile lile. Meza ni ile ile yenye unga wa chuma. Vipunje vya chuma cha kawaida vinakwama kwenye uso wa stenlesi, havionekani, na baada ya siku chache za unyevu vinatoa madoa ya kutu. Watu wanasema stenlesi ni feki, kumbe ni tupa.

Jaribu hivi kwenye kipande cha majaribio, si kwenye kazi yenyewe. Nunua mrututu, ule ule wa buluu wanaoutumia wakulima, uuyeyushe katika maji safi na uongeze asidi ya salfa kidogo sana kwa uangalifu, ukimimina asidi ndani ya maji na si maji ndani ya asidi. Lowesha uso wa kipande kwa dakika sita, kisha suuza. Penye vipunje vya chuma patageuka rangi ya shaba, mithili ya senti za zamani. Mara ya kwanza nilipolifanya jaribio hili mbele ya wanagenzi wangu, kipande tulichokuwa tunakisifu kilitoka na madoa kama chui.

Mkerezaji wa Nzuguni

Mzee wangu, shikamoo. Nimelifanya jaribio la mrututu leo mchana kwenye kipande nilichokisafisha kwa tupa yangu ya kila siku, na sina la kusema zaidi ya kwamba nimenunua tupa mpya na kuiandikia jina kwa rangi nyekundu.

Naomba niulize la pili. Kama stenlesi ina masharti yote haya, je, titani inayakwepa? Na hizo printa je?

Mhandisi wa Metali, Makulu

Titani haiyakwepi, ina masharti yake. Sifa yake kubwa ni ngozi ya oksidi inayojitengeneza yenyewe mara tu chuma kinapokutana na hewa. Ngozi hiyo ina unene wa nanomita chache tu, na ikikwaruzwa hujiziba papo hapo. Kwa sababu yake, titani karibu hailiki kabisa mwilini, na mfupa huikubali kiasi cha kushikamana nayo. Jambo hilo liligunduliwa na Msweden Per-Ingvar Brånemark mnamo 1952, alipokuwa akichunguza damu katika mifupa ya sungura kwa vifaa vya titani, na alipotaka kuvitoa akakuta vimeng'ang'aniwa na mfupa. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno ya titani.

Sifa ya pili ni ukakamavu, yaani jinsi kitu kinavyokataa kunyumbuka. Stenlesi ina ukakamavu wa gigapaskali 190 hadi 200, aloi ya titani yenye alumini asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4 ina takribani 110, na mfupa mgumu wa nje una kati ya 15 na 20. Chuma kigumu kupita kiasi humnyima mfupa kazi, na mfupa usiofanya kazi hupungua, jambo ambalo Mjerumani Julius Wolff aliliandikia tangu 1892. Kwa hiyo titani ni rafiki zaidi kwa mfupa. Lakini haivumilii kusuguana. Ndiyo maana kichwa cha nyonga bandia hutengenezwa kwa aloi ya kobalti na kromiamu au kwa kauri, si kwa titani, nacho huzunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Hata hiyo plastiki ilikuja baada ya kosa: Mwingereza John Charnley alianza na Tefloni, ikasagika vibaya ndani ya wagonjwa, naye akahamia polietilini mwishoni mwa 1962.

Kuhusu printa, ni kweli zipo na zinafanya kazi. Unga laini wa titani wenye chembe za mikroni 15 hadi 45 hutandazwa kwa tabaka jembamba ndani ya gesi ya agoni, leza huyeyusha sehemu inayotakiwa, tabaka jingine hutandazwa, na hivyo hivyo mara maelfu. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuchapa uso wenye vitundu kama sifongo ambamo mfupa utaota, jambo ambalo kisu chako hakiwezi. Ubaya wake hausemwi kwenye video. Kipande kinachotoka kina mikazo iliyonaswa ndani, uso wake unakwaruza, na kina viputo vidogo vilivyofichika. Lazima kichomwe kupunguziwa mikazo, na mara nyingi kikandamizwe kwa gesi yenye joto la nyuzi 900 na ushei na shinikizo la megapaskali 100 ili viputo vifungwe, kisha kichongwe na kusafishwa kila punje ya unga iliyobaki. Printa ni sehemu tu ya gharama na ya kazi.

Njia za zamani bado ndizo zinazobeba vipandikizi vingi vya kila siku. Shina la nyonga hufuliwa kwa nyundo ya kiwandani katika kalibu, kwa sababu kufua hupanga chembe za metali kufuata umbo. Vipande vyenye umbo gumu vya kobalti husubiwa kwa kalibu ya nta, ambamo nta huchongwa, huvishwa kauri, huyeyushwa itoke, na chuma kumiminwa mahali ilipokuwa. Mabamba na skrubu hukatwa kwa mashine za CNC ambazo hazina tofauti kubwa na yako. Nasema hili ili usidhani kwamba mashine yako ndiyo kikwazo.

Mwanafunzi wa Vifaa Tiba

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Katika mradi wangu ninachunguza hidroksiapatiti, yaani madini yale yale ya kalisi na fosfeti yanayoujenga mfupa, ambayo hunyunyiziwa juu ya titani kwa mwali wa plazima ili mfupa ushike haraka zaidi. Yanaweza kupatikana kutoka mifupa ya ng'ombe, na kwa sisi wa Kongwa na Dodoma mifupa hiyo imejaa machinjioni. Mifupa huchemshwa kuondolewa mafuta, kisha huchomwa kwa nyuzi 700 hadi 1000 mpaka kila kilicho hai kiishe na ibaki rangi nyeupe kama chaki. Mara ya kwanza tanuri letu lilikatika umeme katikati ya safari, tukatoa mifupa ya kijivu yenye harufu iliyotufukuza maabara nzima. Kuchoma ni sehemu rahisi. Kuthibitisha kwamba unga wa leo ni sawa na wa mwezi uliopita ndiko kunakotushinda.

Mkaguzi Mstaafu

Mwanafunzi amegusa kidonda chenyewe. Mkerezaji aliomba kwamba kama haiwezekani, aelezwe sababu. Inawezekana, lakini kinachouzwa katika kipandikizi si kipande cha chuma pekee, bali ni kipande pamoja na karatasi zake.

Kwa Tanzania, vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma. Vifaa hupangwa katika madaraja manne kulingana na hatari, kuanzia A hadi D, na vinavyobaki ndani ya mwili viko katika madaraja ya juu. Mtengenezaji hutarajiwa kuwa na mfumo wa ubora wa ISO 13485, na malighafi ithibitishwe kwamba haidhuru tishu kwa mfululizo wa vipimo vya ISO 10993. Kwa lugha ya karakana: nikiokota skrubu yako sakafuni, uweze kunionyesha ilitoka kwenye myeyusho gani, nani aliikata, siku gani, kwa kisu kipi, na nani aliipima.

Nikitazama mazingira yetu, vitu viwili vitakusumbua kuliko CNC. Cha kwanza ni maji. Kila mwenye birika Dodoma anajua ukoko mweupe unaobaki chini. Maji yetu ya visima yana chumvi nyingi, na kipandikizi kilichotoka kwenye bafu la asidi ya nitriki, lile linaloimarisha ngozi ya oksidi, kikisuuzwa kwa maji hayo hurudishiwa kloridi zile zile tulizokuwa tunazikimbia. Utahitaji maji yaliyoondolewa madini. Cha pili ni vumbi la kiangazi. Kutakasa kwa mvuke wa nyuzi 121 huua bakteria, lakini hakuondoi miili yao wala sumu inayobaki, nayo inaweza kumletea mgonjwa homa. Kwa hiyo usafi hutangulia utakaso, na chumba cha kufungashia lazima kiwe na hewa iliyochujwa.

Wapo waliofika. Hospitali ya macho ya Aravind, huko Madurai nchini India, ilikuwa ikiagiza lenzi za kupandikiza kwa bei ya dola 100 na zaidi kila moja. Mwaka 1992 wakaanzisha kiwanda chao, Aurolab, na bei ikashuka chini ya dola 10. Lakini angalia walichochagua: kipandikizi kimoja kidogo, cha plastiki ya akriliki ambayo jicho lilikuwa limeshaonekana kuivumilia tangu Harold Ridley alipopandikiza lenzi ya kwanza London mwaka 1949, na mteja wa kwanza alikuwa hospitali yao wenyewe. Hawakuanza na kila kitu.

Kwako ningeshauri uanze na visivyobaki mwilini: vishikio vya kulengea, vifaa vya kupindia mabamba, mifupa ya plastiki ya kufundishia wanagenzi wa upasuaji. Hata hivyo vitakuhitaji uandike kila hatua, na katika kuandika ndipo utakapojua kama kazi hii unaipenda au ulimpenda tu mdogo wako.

Daktari wa Mifupa, Kanda ya Kati

Naunga mkono, na nina mfano ulio karibu. Mgonjwa aliyepoteza kipande cha fuvu anaweza kupigwa picha za CT, umbo linalokosekana likachorwa kwa kompyuta, na kalibu yake ikachapwa kwa plastiki kwenye printa ya kawaida. Daktari huikandia saruji ya mifupa ndani ya kalibu hiyo, ikiwa imetengwa kwa utando uliotakaswa, na baada ya dakika kama 10 kipande hugandia umbo. Saruji hutoa joto kali inapoganda, kwa hiyo ni heri igandie ndani ya kalibu kuliko juu ya ubongo. Saruji yenyewe inanunuliwa ikiwa na karatasi zake zote. Kinachotengenezwa hapa ni kalibu. Natafuta mtu wa kunisaidia kalibu za mafunzo, zisizo za mgonjwa, na ningependa zichongwe na mtu anayejua neno «vernia».

Mkerezaji wa Nzuguni

Daktari, nimekutumia ujumbe wa faragha. Mkaguzi, nimenunua daftari kubwa la mistari na ukurasa wa kwanza nimeandika habari za ile tupa nyekundu. Mhandisi, kama unaruhusu, nitaleta vile vipande vya bamba Makulu uvitazame kwa darubini.

Mhandisi wa Metali, Makulu

Karibu Jumatano baada ya saa nane mchana. Vifunge kila kimoja peke yake katika karatasi laini, usivisugue kwa stilwuli, na tafadhali usivikutanishe sehemu zilizokatika ili kuona kama vinaingiana, kwa sababu nyuso zikigusana alama ninazozitafuta hufutika.

Mkerezaji wa Nzuguni

Mhandisi, hapo umechelewa kidogo. Kila mgeni anayefika karakana nimekuwa nikimwunganishia ili aone. Nitakuja navyo hivyo hivyo, na nitamleta mdogo wangu pia, maana anadai anaikumbuka siku alipoanza kusikia maumivu kabla ya ile ya ndoo.